Mawe Yaliyobinuliwa

Jina la Kasuku hakupewa kwa uzuri. Mwanamume yule alisema tangu chai ya asubuhi hadi taa inazimwa, na mkewe alizoea kumtania kwamba siku akinyamaza ndiyo watakayomzika. Utani huo sasa unamchoma rohoni.

Wawili hao waliishi kwa kuokota akiki, yale mawe yenye mistari wanayonunua mafundi wa pete, katika uwanda mweusi wa volkano nyuma ya nyumba yao. Kazi yenyewe ni kuinama tu. Unabinua jiwe kwa mtaimbo, unatazama chini yake, ukiona kinachong'aa unakiokota na kukilamba, vumbi litoke uone rangi. Jiwe ulilolibinua unaliacha hivyo hivyo. Mgongo wake ni mweusi kwa jua, tumbo lina udongo wa kijivu. Mwenzako akiona tumbo liko juu, anajua hapo pameshapekuliwa, anakwenda zake.

Kasuku alitoka asubuhi na chupa moja ya maji, jioni hakurudi. Uwanda ule una nyufa zinazoweza kummeza mtu na maneno yake yote. Alfajiri majirani wakaja, nao wote waokotaji, wakiongozwa na shemeji, mdogo wake Kasuku. Mke akawaonyesha mstari wa mawe ya kijivu ulioelekea mlimani. Huko ndiko mumewe alikopita.

"Tumfuate kwa mawe yake," akasema. "Nawaomba, mtu asibinue jiwe."

Wakaitikia wote, wakatawanyika wakiita. Lakini mazoea yana tabu, jamani! Macho ya mwokotaji yakishainama, mkono hauombi ruhusa. Huyu kabinua moja, yule mawili, na jua lilipofika utosini uwanda mzima ulikuwa umegeuka kijivu. Njia ya Kasuku ikapotelea humo.

Mke akamkuta shemeji mfuko wake umetuna akiki. Akamwambia mbele za watu kwamba tamaa yake imemzidi udugu, kwamba amemzika kaka yake kwa mikono yake mwenyewe. Shemeji alilia tu. Walitafuta mpaka sauti zikawakauka. Hawakumpata, na tangu hapo mke hakuitikia salamu ya shemeji.

Kisha siku moja akachukua gauni alilovaa kwenye msako ule, aliloweke. Mfukoni akagusa kitu kigumu. Ilikuwa akiki nyekundu, ndogo, na ilikuwa safi, haina hata chembe ya vumbi.

Akakaa pale pale uani. Ladha ya vumbi ikamrudia ulimini. Yeye ndiye aliyekuwa mbele ya wote. Alibinua, akaokota, akalamba, akaona mistari yake ilivyojipanga, na kwa muda mfupi alifurahi. Tena, Mungu amsamehe, aligeuka nyuma amwonyeshe Kasuku.

Shemeji alikuwa hajachoka kuja kuomba radhi. Jioni hiyo akapiga hodi, akasimama mlangoni kama kawaida yake, akingoja kufukuzwa. Mke hakumfukuza. Alifumbua kiganja.

"Shemeji," akasema, "hata mimi."

Shemeji akalitazama lile jiwe. Akaja akakaa chini karibu naye.