Nilivyoulegeza Usukani wa Mjomba

Krrr-krrr-krrr. Mpaka leo nikiosha vyombo, sinia likigusana na sinia, mlio ule unanirudia. Ulikuwa mlio wa usukani wa kuchezea gemu, umefungwa kwenye meza ya mbao ndani ya kibanda cha mjomba pale Ujiji, ukitetemeka wenyewe, kushoto kulia, kushoto kulia, na hakuna aliyeushika. Gari kwenye runinga linakwenda kwenye barabara iliyonyooka kabisa, lakini usukani unatapatapa kama samaki wa mgebuka aliyetupwa ndani ya mtumbwi. Wateja walicheka. Mjomba hakucheka.

Aliununua kwa mtumishi mmoja wa serikali aliyehamishiwa mkoa mwingine. Huku kwetu mtumishi akihamishwa anauza kitanda, friji, mpaka mapazia. Yule aliuza na usukani, pamoja na pedali zake za kukanyaga. Mjomba alikuwa na runinga za vijana kuchezea gemu ya mpira kwa pedi za mkononi, na mimi ndiye niliyekuwa nafungua kibanda, nawasha, nazima, nagombeza wanaokula mihogo na kushika pedi kwa mikono ya mafuta. Yeye aliamini usukani ule utamletea watu kutoka Kasingirima mpaka Mwandiga.

Mimi niliamini kumzidi. Tangu nikiwa mdogo nataka kuendesha lori. Si gari dogo, lori, lile la kupanda milima ya Kasulu na mzigo nyuma. Shule niliishia kidato cha pili, na hakuna aliyewahi kuniachia usukani wa kitu chochote. Ule wa kwenye meza ndio uliokuwa umenifikia karibu kuliko yote.

Kwa asiyeujua, usukani wa namna hiyo una mota ndani. Gari likipita juu ya jiwe kwenye runinga, mota inausukuma usukani na kiganja kinalisikia lile jiwe. Ukikata kona unakuwa mzito. Tairi zikianza kuteleza unalegea ghafla, nawe unajua, hapa sasa naondoka barabarani. Ndivyo unavyotakiwa kuwa. Wetu haukuwa hivyo, na chanzo kilikuwa siku ya kwanza.

Siku hiyo alikuja kijana mmoja mpakiaji mizigo bandarini, kifua kama mlango. Akauliza nguvu ya usukani inapunguzwa na kuongezwa wapi. Nikamwonyesha kwenye menyu.

"Weka mwisho," akasema. "Hapa si chekechea."

Nikaweka mwisho. Akaendesha akihema, akagonga ukuta kila kona, akainuka anafuta jasho na kutangaza kwamba gari la kweli ndivyo lilivyo. Baada ya hapo nani angethubutu kusema nipunguzie? Kila aliyekaa alipigana nao, akagonga, akainuka na lawama yake: mchezo mbovu, runinga ndogo, kiti kifupi. Hakuna hata mmoja aliyesema ni mzito. Wote wakarudi kwenye mpira wao, na usukani nikawa naufunika kitambaa kama redio ya bibi.

Ndipo mjomba akaniambia kuna mtu wa Mwandiga, mwenye kibanda kama chetu, anautaka. Atakuja Ijumaa baada ya swala. Kama mpaka hapo hauna mchezaji, anaondoka nao. Hakusema kwa ukali. Alisema akiangalia mlangoni, na mimi nikaiona aibu yake, maana wenzake wa sokoni walikuwa wameshaanza kumwita Dereva.

"Mjomba, niachie mimi," nikamwambia.

"Uufanye nini, mama?"

"Sijui bado. Ila utatulia."

Nilianza na meza, kwa sababu meza ndiyo iliyokuwa inapiga kelele. Nikakunja kanga yangu kuukuu, nikaisokomeza chini ya miguu ya meza, nikakaza skrubu za usukani mpaka vidole vikauma. Mlio ukapungua. Asubuhi nzima nilikuwa naimba. Nilipokaa kuendesha, mambo yaleyale. Nilikuwa nimeinyamazisha meza. Usukani wenyewe haukujua hata kama nimefanya kitu.

Nikaingia kwenye menyu. Maneno ya Kiingereza yamejipanga marefu kama mabehewa, mengi sijawahi kuyaona darasani. Kwa papara nikayagusa yote kwa mpigo, hili juu, lile chini, na usukani ukafa kabisa, ukawa kama mfuniko wa sufuria. Lipi limeuua? Sikujua. Nikayarudisha yote yalikokuwa, nikajiwekea sharti: naligusa moja, naendesha, ndipo naligusa lingine.

Nikachagua kona moja ya kulia, yenye ukingo uliopakwa nyekundu na nyeupe, nikawa napita hiyohiyo tu. Neno nisilolijua naliweka chini kabisa, napita kona. Naliweka juu kabisa, napita kona. Mkono ndio uliokuwa unanitafsiria. Kumbe hili ndilo linalourudisha usukani katikati. Hili la mitetemo midogo. Na hili hapa linaufanya usukani uwe mzito ukiuzungusha haraka, kama kukoroga uji ulioanza kushika. Nilipoliongeza hilo la uji kidogo, kule kutapatapa kwake peke yake kwenye barabara iliyonyooka kukatulia. Nikapiga makofi, niko mwenyewe kibandani. Hapohapo umeme ukakatika, nilikuwa sijahifadhi kitu. Uliporudi nikaanza upya, sasa haraka zaidi, maana mkono ulikuwa umeshasoma.

Lakini kona ilibaki bubu. Nilipita ndani ya ukingo, nikapita juu yake, nikapita nje yake, kiganjani ni kitu kilekile: uzito mtupu. Nguvu ilikuwa bado iko mwisho. Sikuigusa hiyo, kwanza kwa sababu ya mpakiaji na maneno yake, na pili kwa sababu mimi mwenyewe niliamini nguvu ikiwa nyingi, na cha kusikia ni kingi.

Alhamisi jioni nilirudi nyumbani nimenuna. Zamu ya kupika ilikuwa yangu, nikakaa mbele ya sufuria kubwa la ugali wa muhogo, nikausonga kama nalipiza kisasi. Mama akaja akasimama nyuma yangu.

"Unasonga au unapigana?"

"Nasonga, mama."

"Ukiukaza mkono hivyo utayasikiaje madonge? Legeza."

Nikalegeza. Donge likapita chini ya mwiko, dogo kama harage, nikalisikia mpaka kwenye kiwiko. Nikalirudia, nikaliponda kwenye ukuta wa sufuria. Kisha nikasimama na mwiko hewani, nikiangalia ukuta, mpaka mama akasema kama nimemaliza kuota niuepue, unaungua.

Ile mota, nguvu ikiwa mwisho, kona peke yake inaimaliza yote. Ukingo ukija haina tena cha kuongeza, jiwe likija haina cha kuongeza. Ni kama mtu anayeongea kwa kupiga kelele tangu salamu. Akitaka kukwambia kuna moto, utatofautishaje?

Ijumaa asubuhi nilifungua kibanda mapema, wanawake wa dagaa ndio kwanza wanateremka kwenda mwaloni, kule ufukweni mitumbwi inakoshusha samaki. Nikapunguza nguvu kidogo, nikapita kona. Kidogo tena, nikapita. Nilipokaribia nusu, tak-tak-tak, ukingo ukagonga kiganjani, tofali kwa tofali. Nikaendelea kupunguza mpaka kona yenyewe ikapoteza uzito, nikarudi juu kidogo. Nikaacha pale. Safari hii nikahifadhi kwanza, kushangilia baadaye.

Baada ya swala vijana walijaa kwenye mpira. Mpakiaji alikuwapo, anasubiri pedi. Nikamwita.

"Umeweka ngapi?" akauliza kabla hata hajakaa.

"Siri ya jiko hiyo, kaka. Kaa."

Akakaa, akakaza mabega kama anayenyanyua gunia. Kona ya kwanza akauvuta usukani kwa nguvu zake zote, gari likageuka na kwenda kulala majanini. Wenzake wakaangua kicheko, mmoja akasema leo bandari imefungwa. Nilimwona shingo inavimba. Nikainama karibu naye ili wengine wasisikie.

"Legeza mkono."

Sijui kwa nini alinisikiliza. Labda nilisema kwa sauti ya mama. Akashusha mabega. Akapita kona moja, ya pili, akapunguza mwendo, akaanza kuinamisha kichwa upande kama mtu anayesikiliza redio yenye sauti ndogo. Kwenye kona ndefu, sehemu ya nyuma ya gari ikaanza kuchomoka, naye akaurudisha usukani kabla macho hayajaona.

"Dada," akasema taratibu, "nimeisikia inateleza."

Hakuinuka tena. Wenzake walimwambia atoke, akawajibu foleni inaanzia mlangoni. Na mlangoni ndipo alipokuwa amesimama yule mtu wa Mwandiga, na mjomba pembeni yake. Mgeni akatazama muda, akauliza kama na yeye anaweza kujaribu kabla ya kuuchukua.

"Kujaribu jaribu, kaa nyuma ya yule wa shati jekundu," mjomba akamwambia. "Ila usukani hautoki hapa." Halafu akaniangalia mimi, akakohoa, akaenda kununua maji ambayo hakuna aliyeyataka.

Kesho yake nilifika kabla ya watu. Nikapiga magoti, nikachomoa kanga yangu chini ya meza, nikaikung'uta vumbi na kujifunga kiunoni. Nikawasha. Usukani ukajizungusha wenyewe mara moja kila upande kama kawaida yake ya kuamka, ukasimama. Nikavua bangili. Nikaliondoa gari polepole, kama limebeba mzigo, na kwenye barabara iliyonyooka nikaachia mikono yote miwili. Kimya. Nikaushika tena, nikafika kwenye ile kona ya kulia, nikapanda juu ya ukingo makusudi. Tak-tak-tak. Nikasimamisha gari, nikaingiza gia ya nyuma, nikarudi, nikapita tena.