Picha ya Mbingu Ukutani Kwetu

Chumba ninacholala wiki hii, huku Oicha, kinanuka mshumaa uliozimwa sasa hivi. Harufu hiyo hunirudisha Bulengera, kwenye sebule yetu ya mbao.

Watu wa shirika letu, jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa, walisali rozari kila juma, nyumba kwa nyumba. Zamu yetu ilipofika hatukuwa na picha takatifu hata moja. Mama alibandika ukutani ukurasa wa kalenda kuukuu, wenye wingu jekundu lililojaa nyota, akawasha mshumaa chini yake. Aliamini ile ni mbingu.

Mwanamke aliyekuwa kiongozi wa shirika aliyainamia maandishi madogo ya Kifaransa chini ya picha, kisha akanigeukia.

“Wee unasoma. Utuambie, ni mutakatifu gani huyu?”

Nilifurahi kuulizwa. “Hapana mutakatifu, mama. Ni gesi na vumbi, kule nyota zinazaliwaka. Telesikope yenye iko juu angani ndiyo ilipiga hii foto.”

“Vumbi?” Akawatazama wenzake. “Lakini vumbi iko mingi mu barabara. Juu ya nini tulipanda mulima mpaka hapa?”

Wanawake walicheka, na mama alijaribu kucheka nao. Kisha akapiga ishara ya msalaba, akafumba macho, akaongoza sala zote bila kuyafungua.

Nilikuwa nimepiga magoti karibu naye. Siku zote wakati wa sala mkono wake mmoja ulishika wangu. Siku ile aliishika rozari kwa mikono yote miwili.