Lamria na Sauti ya Wifi Yake

Kabla kaka yake hajaoa, Lamria ndiye aliyekuwa sauti ya kanisa lao pale kisiwani Samosir. Kila Pasaka alisimama mbele peke yake, shali ya ulos, kitambaa cha kufumwa cha kwao, begani, na wanawake waliolima naye vitunguu walilia. Kisha Parlin, kaka yake, akamleta Rosmaida. Binti alipoimba mara ya kwanza, hata wavulana wa viti vya nyuma waliacha kuchekana.

Tangu siku hiyo Lamria hakulala vizuri. Aliomba wivu umtoke. Jumapili ulikuwa umetoka. Jumatatu, akimsikia wifi yake akiimba huku anaosha vyombo, ulikuwa umerudi na kujaa kifuani kama moshi.

Pasaka ilipokaribia, kiongozi wa kwaya akamchagua Rosmaida. Alfajiri ya siku yenyewe Lamria akamfuata kiongozi.

"Wifi koo limemkauka. Kaniambia niimbe mimi."

Akaimba, tena vizuri. Rosmaida alikaa kimya katika kiti chake, nywele amezifunga kwa ajili ya siku ile, akimtazama.

Ulipofika Ushirika Mtakatifu, mkate ukapita mbele ya Lamria naye akashindwa kunyoosha mkono. Jioni akaenda kwa kaka yake, akamkuta Rosmaida jikoni.

"Wifi, nilidanganya. Nilikuonea wivu."

"Nilijua," alisema Rosmaida, bila kuacha kukatakata tangawizi. "Nilikuwa nangoja nione utakaa na uongo huo mpaka lini."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Leo bado nina hasira, wifi. Nenda nyumbani."

Hasira ilikwisha polepole. Siku ya Pentekoste Rosmaida akaimba, na Lamria mwenyewe ndiye aliyemtengenezea shali begani. Lakini sauti ile ilipopanda, kitu kilimchoma palepale pa zamani.

Baada ya ibada alimkuta Ompu Togar, mzee wa kanisa, akifunga madirisha.

"Babu, nilikuungamia uongo wangu wa Pasaka, lakini toba yangu ilikuwa ya bure. Leo nimetamani sauti imkwame."

"Umetamani tu?"

"Nimemwomba Mungu imkwame."

Mzee akacheka mpaka akashika ukuta. "Ukamwomba Mungu! Halafu?"

"Halafu nikaona aibu, nikamwomba amsaidie amalize."

"Pasaka ulimpokonya wimbo. Leo umemwombea, ingawa kwa kuchelewa. Bure iko wapi?"

"Ila wivu bado ninao, Babu. Labda nitazeeka nao."

"Labda. Mimi nina ulimi mchafu tangu ujana, mke wangu atakwambia. Kila siku naungama, kila siku naanza tena. Yule aliyetupenda alitupenda tukiwa bado wachafu, mwanangu. Sasa tumwache kwa sababu bado hatujatakata?"

Lamria akatoka. Nje, wanawake walikuwa wamemzunguka Rosmaida wakimsifu. Alitamani kupita njia ya nyuma, akasita, kisha akawaendea.

"Umeimba vizuri, wifi," alisema. Maneno yalimtoka kwa shida.

Rosmaida akamtazama kidogo. "Najua yamekugharimu hayo," akasema, akamshika mkono wakashuka pamoja kupitia mashambani kuelekea nyumbani.