Kazimiera Akataa Kugonga Muhuri

Kazimiera Pluta alikagua breki katika kiwanda cha magari ya Lantry, Detroit, kwa miaka yote minne ambayo magari hayo yalitengenezwa. Mimi nilikuwa nafunga milango, hatua chache kutoka kwake. Alikuwa mjane, Mpolandi kama mimi, mkavu wa maneno. Ufundi aliupata wakati wa vita. Gari lisilo na muhuri wake halikutoka.

Asubuhi moja ya Machi 1949, mawakala wa mauzo walikuwa uwanjani wakisubiri kuoneshwa gari jipya. Wasingelipenda, sote tungerudi nyumbani bila kazi. Kazimiera akatoka chini ya gari, akajifuta mikono.

"Sigongi," alisema. "Ukikata kona kali kushoto, tairi linasugua bomba la breki."

Haglund, msimamizi wetu, akatazama saa. "Linasugua kidogo tu. Gonga, mama, watu wanangoja."

"Leo kidogo. Kesho limetoboka."

"Unajua watu wangapi wanakula kwa gari hili?"

"Najua. Na mimi nimo."

Kazi ilisimama. Mtu nyuma yangu akanong'ona, "Huyu bibi atatufukuzisha." Hakuna aliyemtetea. Na mimi nilinyamaza.

Haglund akafungua mlango wa dereva. "Basi naliendesha mwenyewe."

Kazimiera akazunguka, akaketi kando yake. "Twende. Kata kushoto mara kumi, halafu ukanyage breki."

Wakaingia njia ya majaribio nyuma ya kiwanda, sisi tukichungulia madirishani. Kona ya saba, ya nane. Kisha gari likanyooka kuelekea ukuta wa matofali bila kupunguza mwendo. Ghafla likayumba, likageuka ubavu, likasimama karibu kabisa na ukuta. Kazimiera alikuwa amevuta breki ya mkono.

Haglund alishuka, akainama kuangalia chini ya gari. Mafuta ya breki yalikuwa yanachuruzika chini. Akaenda moja kwa moja uwanjani, akawaambia mawakala hakuna gari leo.

"Nani kaamua?" mkurugenzi wa kiwanda akauliza.

"Mimi," Haglund akajibu.

Bomba lilihamishwa, lakini mawakala wengi hawakurudi. Mwaka uliofuata kiwanda kilifungwa. Wapo waliomlaumu Kazimiera mpaka uzeeni. Kanisani kwetu Hamtramck, mji mdogo wa Wapolandi ndani ya Detroit, wanawake wawili walihama benchi lake.

Siku moja nilikwenda kwake kumwomba radhi kwa kunyamaza.

"Ulikuwa na watoto wanne," alisema, akaendelea kumenya viazi. "Lakini ningefurahi ungesema."