Mdogo Wangu Anaoga Karibiani

Picha ya kwanza iliingia nikiwa nasonga ugali. Simu ilitetemeka juu ya meza, nikaigusa kwa kidole chenye unga, na mdogo wangu akatokea amelala kwenye mchanga mweupe, miwani myeusi usoni, nyuma yake bahari ya rangi nisiyojua kuitaja, si buluu wala si kijani. Chini alikuwa ameandika kwamba wako Karibiani, yeye na bwana yake, kwa likizo ya wiki moja. Wanaishi Kanada, na huko ilikuwa majira ya theluji, wakati ambapo mwenye nafasi hukimbilia kwenye joto. Niliitazama ile picha mpaka ugali ukashika chini ya sufuria.

Niseme wazi: niliona wivu, na wala haukuwa ule wivu wa kutaniana. Ulinikaa kifuani, nikala nao na kulala nao. Kila siku picha nyingine ziliingia. Kitanda chini ya mwavuli wa nyasi. Nanasi lililochimbwa ndani na kutiwa kinywaji, kana kwamba nanasi lenyewe halitoshi. Mhudumu wa shati jeupe, mtu mzima mwenye mvi, ameinama na kumsikiliza mdogo wangu anataka nini. Yule mhudumu ndiye aliyeniuma kuliko bahari. Mimi tangu nizaliwe hakuna mtu mzima aliyeniinamia kuniuliza nataka nini.

Tumezaliwa wawili tu, na mimi ndiye mkubwa. Yeye aliolewa akaenda. Mimi nilibaki Bukavu, mtaani Nyalukemba, upande wa Ibanda, na mama yetu, ambaye magoti yake yamechoka na mikono yake imeanza kutetemeka. Asubuhi nafundisha shule ya msingi, mchana niko naye. Hata ningeota kusafiri, siku hizi ndege hazitui kwenye uwanja wetu wa Kavumu, kwa hiyo hata ndoto yangu ingebidi ianzie barabarani, na vumbi lote lile.

Maji na sisi tunayo, tena ziwa zima. Kutoka dirishani kwetu linaonekana kati ya nyumba za matajiri zilizojipanga kwenye rasi mpaka majini, kila moja na ukuta wake na geti lake. Sisi wengine tumeachiwa kinjia kimoja kati ya kuta mbili. Robine, yaani mabomba ya nyumbani, zikikauka, na zetu hukauka zaidi ya zinavyotoa, mtaa mzima hushuka kwa kinjia hicho na bidoni, madumu ya maji. Mimi hushuka kabla ya shule. Napanda na bidoni mgongoni, kamba kwenye paji la uso, naweka maji motoni, na Maman anaoga ya vuguvugu kabla sijaondoka.

Akimaliza ananiambia aksanti. Hilo halijawahi kumshinda. Lakini mimi nilikuwa nasubiri neno lingine. Aksanti unamwambia hata mwenye duka anayekufungia chumvi. Pole unamwambia mtu uliyemtazama ukaona kwamba amechoka. Kwa miaka yote ya bidoni, Maman hajawahi kuniambia pole, na kadiri nilivyoisubiri ndivyo nilivyozidi kuitaka, mpaka nikawa naona aibu mwenyewe, mwanamke wa umri wangu kutamani neno moja la mama yake kama mtoto anayetamani andazi.

Ni lazima pia nieleze jambo moja la kwetu, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka. Kwetu, mtu mzima akionekana anaoga ziwani, maana yake ni moja: nyumbani kwake maji yamekatika na hana hata beseni ya akiba. Ni aibu, na ni huzuni. Tulipokuwa wasichana, mimi na mdogo wangu tulikuwa tunashuka kungali na giza ili wanafunzi wenzetu wasitukute na sabuni mkononi. Ukimkuta mtu pale unamwambia pole, kisha unaangalia pembeni mpaka avae.

Basi, siku ya tatu ya zile picha niliamua kumwonyesha Maman. Nilichagua kwa makusudi. Niliruka ile ya mwavuli na ile ya nanasi, nikachukua ile ambayo mdogo wangu amesimama majini mpaka kiunoni, amevaa vile vipande viwili vya nguo ambavyo vikiunganishwa havitoshi kitambaa cha kichwa. Maman ni mtu wa kanisa. Nilitaka angalau mara moja nimsikie akimkemea yule mtoto wake wa mbali, na mimi nimtetee kidogo, kwa sauti isiyo na nguvu.

Alikuwa ameketi anachagua maharagi. Alifuta mikono, akashika simu, akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali.

"Iko anaoga," alisema.

"Iko anapumzika, Maman. Iko mu vacances."

"Anapumzika na sabuni ku mikono?"

Nikaangalia tena. Ni kweli, mikono na mabega yalikuwa meupe, na bwana yake, aliyesimama kando, alikuwa amepakwa weupe huo uso mzima.

"Haiko sabuni. Ni mafuta. Banapakaa ili jua isibaunguze."

"Jua imuunguze mutu wa Bukavu?"

Maman akaendelea kuisoma picha, maana yeye picha huisoma, haitazami tu. Aliona watu wengine wengi majini, wanawake, wazee, watoto. Aliona wengine wamesimama ufukoni na taulo mabegani, wakisubiri zamu zao. Aliona hoteli kubwa nyuma yao, ghorofa juu ya ghorofa. Akatikisa kichwa.

"Etage yote ile, na haina maji. Njo vile. Hata hapa Ibanda, etage ngapi iko kavu?" Kisha sauti yake ikabadilika. "Mutoto yangu. Kutoka hapa mpaka kule mbali yote, na bado anaogaka inje, mbele ya bazungu."

Nilisubiri atabasamu. Hakutabasamu. Macho yalimjaa machozi kweli, akayafuta kwa ncha ya kitenge. Nikaanza kueleza kama ninavyoeleza darasani, taratibu, jambo moja baada ya jingine. Nikamwambia hoteli ile ina maji mpaka chooni, ya moto na ya baridi. Nikamwambia kila mtu aliye pale ametaka mwenyewe kuwa pale.

"Banalipa, Maman. Banapanda ndege, banalipa, juu tu ya kuingia mu ile maji."

Alinirudishia simu, akavuta ungo wake wa maharagi magotini.

"Wivu iko mubaya," alisema. "Mwenzako iko mu mateso, na weye unasema analipa."

Kilichonichoma ni kwamba juu ya wivu alikuwa amesema kweli, na juu ya mengine yote alikuwa amekosea, na mimi sikuwa na njia ya kumtenganishia hayo mawili. Kila nilichosema tangu siku hiyo kilisikika kama kijicho. Nilimwonyesha nanasi. Alisema hata mtu mwenye taabu anakula. Nilimwonyesha yule mhudumu wa mvi, akasema Mungu ambariki muzee huyo, angalau kuna mtu anayemuletea maji ya kunywa.

Siku ya tano mdogo wangu alipiga simu ya video. Upepo ulikuwa mwingi upande wake, nywele zinampiga usoni. Mimi ndiye niliyeshika simu mbele ya Maman, kwa sababu mkono wake hauwezi kuituliza.

"Maji imerudia ku nyumba?" Maman aliuliza, kabla hata ya salamu.

"Maji iko mingi huku, Maman. Tunaoga asubuhi, tunaoga magaribi."

"Asubuhi na magaribi," Maman alirudia, akinigeukia mimi ili nisikie vizuri. Kisha akausogelea ule uso mdogo kwenye kioo, mpaka nikahisi pumzi yake kwenye vidole vyangu. "Pole, mutoto yangu. Pole sana. Umechoka, minaona. Jikaze. Pole."

Nilikuwa nimesimama pale, mkono umenyooka, bega linauma kwa bidoni la asubuhi, na lile neno likanipita usoni likaenda Karibiani. Mdogo wangu alisema, "Aksanti, Maman," kwa sauti nyembamba, kisha mtandao ukakatika.

"Umesikia?" Maman aliniambia. "Hata kulalamika, hapana."

Siku ya pili yake ilikuwa zamu yetu ya shirika. Shirika ni jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa; kila wiki tunakutana katika nyumba ya mmoja wetu, tunasoma Injili, tunaimba, kisha kila mwenye nia ya sala anaisema kwa sauti na wengine wanaitikia. Nilishuka ziwani mara mbili siku hiyo, kwa sababu ya chai na vikombe. Jirani mmoja, ambaye mara nyingi tunapanda naye kile kinjia tukihema pamoja, alinisaidia kupanga viti, na watu walipojaa akabaki ameketi karibu na mlango.

Nia zilianza. Mama mmoja aliombea bwana yake aliyekwenda Shabunda kuchimba dhahabu, ambaye hajatuma habari tangu mvua zianze. Mwingine aliombea mwanawe wa Kinshasa. Mzee mmoja aliombea dada yake aliye hospitali. Kila mara tuliitikia pamoja, "Ee Bwana, utusikie." Kisha Maman akasimama, na hilo si jambo dogo kwa magoti yale. Aliomba kwa ajili ya mtoto wake aliye ng'ambo, ambaye nyumba yake imekosa maji, ambaye anaoga hadharani pamoja na bwana yake na halalamiki. Aliomba Mungu amfungulie robine. Nilisikia watu wakivuta pumzi kwa huruma. Waliitikia kwa nguvu kuliko walivyoitikia Shabunda. Na mimi niliitikia, kwa sababu ilinibidi, nikiwa na sahani ya maandazi mkononi.

Hapo yule jirani wa mlangoni akasema, "Na huyu mwenye anakuchoteaka maji, Maman? Tumuombee naye."

Sikumwangalia mtu. Niliangalia maandazi.

"Huyu?" Maman alisema, akashangaa kabisa, kisha akanigusa bega kwa upole. "Huyu iko hapa. Tumuombee nini?"

Watu wakacheka, kicheko cha mapenzi, na hata yule jirani alicheka. Najua Maman alimaanisha nini. Kwenye shirika hakuna anayemwombea mtu anayemimina chai. Sala zinapelekwa Shabunda, Kinshasa, hospitali, mahali ambapo mkono haufiki. Mimi mkono unanifikia. Nilijua hayo yote, na bado nilitamani niwe mbali, hata Uvira, hata kwa siku mbili tu, na mtu asimame kwenye magoti mabovu kwa ajili yangu.

Kesho yake, baada ya shule, nilimpigia mdogo wangu nikiwa bado njiani. Nilimweleza kila kitu, sabuni, etage, robine, shirika zima. Nilimweleza kwa ukali, nikitaka aone aibu kidogo ndani ya hiyo hoteli yake. Alicheka mpaka akakohoa. Nyuma yake nilisikia muziki na sauti ya maji. Kisha kicheko kikakatika.

"Yaya," alisema; ndivyo anavyoniita, dada mkubwa. "Usimuambie kweli."

"Nilishamuambia. Anakatala."

"Basi usirudilie. Acha anihurumie." Muziki ulififia, nikajua anatafuta mahali pa kusimama mbali na bwana yake. "Toka nifike Kanada, kila mutu ya nyumbani anasemaka miye niko mu paradiso. Banaombaka vitu, banaombaka picha. Hakuna mwenye ananiulizaka kama nimechoka. Maman njo wa kwanza kuniambia pole. Nililia mu chumba mpaka bwana yangu akafikiri mutu amekufa. Weye uko naye kila siku, Yaya. Niachie hii."

Nilisimama kando ya barabara, pikipiki zinapita, vitabu vya wanafunzi kwapani. Nilitaka kumwambia kwamba mimi niko naye kila siku na hiyo pole bado sijaipata. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Bahari nilikuwa nimeshamwachia, na mchanga, na yule mzee wa shati jeupe.

Nikamwambia sawa, nitanyamaza, nikakata simu kabla hajasikia sauti yangu.