Kufuli za Vyoo vya Malaba

Kikundi chetu cha akina mama wa Busibwabo kilinituma Malaba kwa sababu moja: nijue wenzetu walipataje ruzuku ya maji na vyoo, nasi tukaiombe. Mimi ndiye katibu, na huuliza maswali hadi watu wachoke. Alfajiri nilikunywa chai kwa kikombe changu cha bati kilichobanduka rangi, vile vizuri vya kabatini nikaviacha vingoje wageni, nikaondoka.

Saa mbili asubuhi nilikuwa Busia mjini. Bodaboda ikanipitisha Alupe na Adungosi, na tulipotokea barabara kuu tukakuta malori yamepanga foleni ya kuvuka mpaka hadi macho yanachoka. Madereva walikuwa wakipika ugali kando ya magurudumu. Walikokwenda haja sikuhitaji kuambiwa, pua ilitosha.

Saa nne, Malaba. Mama Apolot, mwenyekiti wa kamati ya maji, alinipokea kwa mikono miwili. Awamu ya kwanza ya ruzuku ilikuwa imejenga kioski cha maji na vyoo sita kando ya barabara. Awamu ya pili ingepandisha bomba hadi mtaani kwake, ambako watu bado huchota mtoni, palepale malori yanapooshwa. Mkaguzi wa ruzuku angekuja mchana huohuo kuamua.

Nikaomba nione vyoo. Kila mlango ulikuwa na kufuli.

"Tulifunga siku ile fundi alimaliza," akasema kwa fahari. "Mkaguzi akikuja akute safi."

"Hakuna mtu ameingia?"

"Hata mimi sijaingia."

Nikaomba barua ya ruzuku, nikamsomea: awamu ya pili itatolewa vyoo vikionekana vinatumika. Mama Apolot akaketi kwenye ngazi ya kioski.

"Kumbe bomba yetu nimeiua mimi mwenyewe," akasema.

Nilimwonea huruma sana, maana ningekuwa mimi ningefunga na geti.

"Mama, fungua," nikamwambia. "Wageni ndio hao madereva, wako barabarani siku ya tatu."

Akafungua zote sita, kisha akaenda mwenyewe kwenye malori. Dereva mmoja alikuwa akinyoa ndevu kwa kioo cha gari.

"Boss, choo iko wazi. Na maji iko."

"Zile nyumba za kufuli?" dereva akashangaa. "Mama, sisi tulidhani ni ofisi."

Saa nane mkaguzi, dada mmoja mpole wa Nairobi, alikuta foleni ya pili: madereva na utingo wao, taulo mabegani, na akina mama wenye mitungi. Sakafu ilikuwa imejaa alama za viatu.

"Iko hivi kila siku?" akauliza.

Nilimkonyeza Mama Apolot akubali. Hakunitazama.

"Ni leo tu. Tulikuwa tumefunga tukingoja nyinyi."

"Wakifunga tena, tutavunja," dereva akadakia, povu bado kidevuni.

Mkaguzi akacheka, akaandika, akafunga daftari. "Anzeni kuchimba mtaro wa bomba."

Mama Apolot alipiga kigelegele, nami nikaitikia kwa changu, kwa furaha iliyonitoa machozi. Dereva akapiga honi, wa nyuma yake akajibu, na foleni nzima ikalia hadi mpakani.

Jioni nilirudi Busibwabo na kufuli moja mkobani. "Kafungie kuku," Mama Apolot alikuwa ameniambia. Wenzangu wa kikundi walikuwa wakinisubiri sebuleni kwangu. Kabla ya kufungua mdomo nilifungua kabati, nikatoa vile vikombe vizuri vyote, nikavimiminia chai.

"Wageni wako wapi?" wakauliza.

Nikawaambia waketi, chai inapoa.