Ukurasa wa Tarehe Warudi Kitabuni

Saa mbili asubuhi, jua linapoanza kupiga paneli juu ya bati, Soraya anawasha kompyuta mbili katika karakana yake mjini Kasongo. Kalamu nyekundu iko mkononi. Mbele yake kuna kurasa arobaini, na hawezi kuongeza hata moja: stepla yake haishiki zaidi ya karatasi ishirini, zilizochapwa pande mbili.

Fundi huyu wa miaka thelathini na minne, aliyejifunza kwa kufungua mashine zilizokufa, anaandika mwongozo wa kujenga Linux, mfumo unaoendesha kompyuta, hatua kwa hatua, kwa watu wasio na intaneti. Programu anazitia kwenye flashi. Kitabu ndicho mwalimu.

"Mutu akiijenga mwenyewe, ikiharibika anajua pa kushika," anasema.

Pembeni ameketi Musafiri, mwenye ofisi ya kuchapa barua za watu kule Kabambare, aliyepewa nakala ya kwanza aijaribu. Amesafiri siku mbili kwa pikipiki, kompyuta mapajani, imefungwa kwa kitenge.

"Yaya Soraya," anasema, akimwita dada mkubwa kwa heshima, "nilifuata mustari kwa mustari. Mara saba! Mashini inasema mutoto ni muzee kuliko baba yake."

"Tarehe yake iko mwaka gani?"

"Elfu mbili na tano."

Soraya anacheka, kisha anaigeuza mashine na kuifungua. Betri ndogo ya ndani, inayotunza saa, imekufa. Umeme ukikatika, saa inarudi nyuma. Faili linalotengenezwa leo linaonekana la zamani kuliko yale ya kwenye flashi, na kazi inagoma.

Ukurasa wa kuweka tarehe aliwahi kuuandika. Ndio wa kwanza aliouondoa kurasa zilipozidi arobaini. "Niliona haya kumufundisha mutu muzima kusoma tarehe," anakiri.

"Na mie nilizani ni mie mujinga," anasema Musafiri. "Wiki mbili ofisi imefungwa. Watu wanakuja na barua zao, wanarudi nazo."

Soraya anafungua sura ya kupamba kioo cha kompyuta kwa picha za maua: kurasa kumi na mbili, kazi ya mwezi mzima, anayoipenda kuliko zote. Anaipiga mstari mwekundu toka juu hadi chini.

"Hiyo ya maua?" Musafiri anashtuka. "Ilikuwa muzuri!"

"Wewe uliifikia?"

"Hapana."

Tarehe sasa inakaa ukurasa wa kwanza. Musafiri anausoma kwa sauti, anarekebisha saa, anaanza upya. Safari hii mistari inashuka kwenye kioo bila kusimama.

Jumamosi ataondoka na nakala sita. Soraya anataka nyingine zifike hadi sehemu za Wamaza na Lusangi. Ukurasa wa mwisho ameuacha mtupu, ila maneno machache juu, kwa msomaji atakayekwama njiani: "Andika hapa mahali nilipokuacha."